Feni belti inapolia: jinsi ya kujua chanzo

Washa injini ikiwa baridi, kisha washa taa kubwa na AC. Mzigo wa alteneta (jenereta ya umeme wa gari) na kompresa ya AC, zote zinazozungushwa na belti hii, ndio hufichua belti inayoteleza. Mikono na nguo zikae mbali na feni, tafadhali!

Nyunyizia maji kidogo upande wa belti wenye mifereji. Mlio ukizidi, belti imelegea au tenshena (kikaza belti) imechoka. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi muda mfupi baadaye, puli (magurudumu yanayopitiwa na belti) hazijakaa kwenye mstari mmoja. Usipobadilika kabisa, shuku beringi (sehemu yenye gololi ambayo puli huzungukia): zima injini, toa belti, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuchezacheza ndiyo mbovu.

Usipake grisi wala sabuni. Belti ikiwa imelowa oili, ziba kwanza inapovuja, la sivyo mpya nayo itaharibika.