Kutoka Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu hadi Mahakama ya Rufani

Kiti cha Jaji wa Rufani hakiombwi. Rais huteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, basi. Mwanasheria kijana wa Dar anayekitamani ana mambo mawili tu mkononi mwake: miaka yake na majalada yake.

Tuanze na miaka. Shahada ya sheria huchukua miaka 3 au 4 kutegemea chuo, halafu unaingia Shule ya Sheria pale Barabara ya Sam Nujoma. Hapo wengi hukwama. Matokeo yaliyozua mjadala Oktoba 2022 yalikuwa na watahiniwa 633; waliofaulu moja kwa moja ni 26, waliotakiwa kurudia 342, na 265 wakaondolewa. Aliyezoea kukariri vifungu huumia, kwa sababu mafunzo ni ya vitendo: kuandaa hati ya madai, hati ya kiapo, kuuliza shahidi maswali.

Ibara ya 109 ya Katiba inataka jaji wa Mahakama Kuu, ngazi iliyo chini ya Rufani, awe na shahada ya sheria na awe amekuwa hakimu, mwanasheria wa serikali mwenye sifa za uwakili, au wakili, kwa muda usiopungua miaka 10. Rais anaweza kulegeza sharti hilo la miaka baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, lakini usijenge mpango wako juu ya msamaha huo.

Kuna hesabu ambayo watu huisahau. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65. Aliyeingia Mahakama Kuu akiwa na 56 ana dirisha la miaka minne tu kupanda akiwa bado kazini. Wenzetu waliolelewa na filamu za Marekani hudhani jaji hukaa mpaka afe; hayo ni ya majaji wa shirikisho kule, wanaothibitishwa na Seneti, na Katiba yao haidai hata shahada ya sheria. Huku kalenda inakubana.

Sasa majalada, na hapa ndipo penye kazi. Mahakama ya Rufani haiwaoni mashahidi wako. Majaji wasiopungua watatu wanasoma ulichoandika wewe ukiwa hakimu. Makosa yanayobatilisha mienendo (kumbukumbu za kesi) mara nyingi ni madogo na ya kizembe. Hakimu amehamishwa, mwingine anaendelea na shauri bila kuandika kwa nini jalada limebadili mikono. Kielelezo kimepokelewa, lakini maudhui yake hayakusomwa mahakamani, kwa hiyo mshtakiwa hakujua kinachomkabili. Mtoto asiyezidi miaka 14 ametoa ushahidi bila kiapo, na hakuna mstari unaoonyesha aliahidi kusema kweli. Kesi ya miaka mitano inaanza upya kwa sababu ya sentensi moja.

Dawa yake ni ya mezani. Kabla ya kusaini mwenendo wa siku, hakikisha umeandika nani alikuwepo, shahidi aliapa vipi, kielelezo kimepewa namba gani na kama upande wa pili ulipinga. Kwenye hukumu, taja hoja za kuamuliwa, uamuzi kwa kila hoja, kisha sababu. Hukumu inayosimulia ushahidi kurasa ishirini na kumaliza kwa “nimeridhika kwamba mashtaka yamethibitishwa” haina sababu ndani yake, hata iwe ndefu vipi.

Ukishika njia ya uwakili, kinachokuanika ni muda. Katika madai, taarifa ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala impate mjibu rufaa ndani ya siku 14. Kitabu cha rufaa, yaani nyaraka za kesi zilizokusanywa pamoja, kinafuata ndani ya siku 60 tangu taarifa iwasilishwe. Siku za kusubiri nakala za mwenendo huondolewa kwenye hesabu hiyo kwa cheti cha Msajili wa mahakama, lakini uwe umeziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na nakala ya barua umempa mpinzani. Barua hiyo isipomfikia, cheti hakikusaidii.

Jizoeze kwa bei ya vocha: ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, chukua hukumu ya Rufani iliyotengua uamuzi wa Mahakama Kuu, kisha tafuta huo uliotenguliwa. Soma wa chini kwanza, andika ungeamuaje, ndipo ufungue wa juu. Rufaa zikisikilizwa Dar, keti nyuma ukiwa umezima simu, na uandike maswali ya majaji kuliko majibu ya mawakili.