Namna ya kukaa baraza ya kahawa Unguja bila kuchekwa

Kila nkienda Dar naulizwa swali lilelile, ati nyie Wazanzibari mkitoka kazini mnakaa wapi mana huku kila kona kuna baa. Jibu langu ni moja tu, baraza ya kahawa. Baa zipo, hasa mahotelini, lakini mtaani mtu akikwambia "utanikuta palepale" ujue ni kahawani, mawe ya kukalia mbele ya nyumba za watu, muuzaji na seredani lake la makaa, dele, yani birika la kahawa, juu, ndoo ya maji pembeni. Bei haimtishi mtu. Kwetu kikombe mia mbili, ukiwa na elfu moja mfukoni unakunywa vyako viwili, unakula kashata, unamlipia na mwenzio na chenji inabaki.

Sasa rahisi ni bei tu yakhe, kukaa kwenyewe kuna taratibu zake na hakuna atakaekwambia, watakuangalia tu. Mie mwenyewe niliporudi baada ya miaka kadhaa bara nilifika barazani nikatoa salamu nusu nusu huku nachezea simu, nikakaa pahala penye nafasi nikaona nimepata, kumbe pale ni pa mzee mmoja ambae anakaa hapohapo tangu mie sijazaliwa, akaja akasimama mbele yangu hasemi kitu, watu wote kimya. Halafu nikaomba sukari. Mpaka leo kuna watu mtaani wananiita Sukari.

Kwa hiyo la kwanza, salamu. Asalaam aleykum ya kusikika, kwa wote, kisha wazee unawapa shikamoo mmoja mmoja kama ni watu wa mtaani kwako, usiruke mtu. Ukishajibiwa usikae hapohapo, simama kidogo, kuna mtu atajisogeza akwambie "kaa hapa bwana". Hapo ndo pako. Asiposogea mtu kaa mwishoni kabisa, hata kwenye kipembe cha jiwe, siku ya tatu ya nne utakuwa umeshapata pahala.

Kuagiza ni rahisi, "nitie kimoja" basi. Kahawa yetu ni tungu, haina sukari wala maziwa, wengine wanatia tangawizi. Utamu unatoka kwenye kashata, au tende, au kipande cha halua siku ukibahatika. Unang'ata kidogo unakaa nao mdomoni ndo unavuta kahawa, sio unamaliza kashata kwanza halafu unakunja uso. Kikombe hakina mkono, kishike kwa juu kwenye ukingo kwa vidole viwili, ukikikumbatia kwa kiganja utaungua na wataona. Na kuvuta kwa sauti si adabu mbaya hapa, ndo namna ya kuipoza. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndooni, kama roho yako haitaki chukua kikombe chako nyumbani umpe akutilie, wapo wanaofanya hivo na hakuna anaewasema, lakini usianze kukiangalia kikombe juani kama unatafuta kitu.

Kujua kahawa nzuri: angalia saa. Dele la mwanzo baada ya alasiri ni jepesi na lina harufu khasa, kadiri linavyokaa juu ya makaa maji yanapungua, kwa hiyo ukija saa nne usiku unakunywa kitu kizito cheusi, wengine ndo wanaitaka hiyohiyo. Ikinuka kuungua au ina ladha ya majivu hiyo imelala, ni ya jana imepashwa. Usilalamike, kunywa kimoja, lipa, kesho jaribu baraza ya pili. Mie niliwahi kulalamika pahala fulani, kahawa ilikuwa ya jana kweli lakini muuzaji hakunitilia tena wiki nzima, ananiona hanioni.

Ikiadhiniwa magharibi baraza inapukutika, na muuzaji huenda akaondoka pia akaacha dele lake pale. Subiri. Usijitilie hata kama una haraka na pesa unayo mkononi. Ramadhani mchana usitegemee kitu, lakini baada ya taraweh ndo panajaa mpaka karibu na daku.

Michezo sasa. Dhumna, karata, keram, na kwa wazee bao. Dhumna ina vipande 28 na kila kimoja kinapigwa mezani kwa kishindo, usishtuke, hawagombani. Kwa kawaida anaefungwa anainuka, kwa hiyo uliza "nani anafata?" kisha ngoja zamu. Bao ni habari nyingine, mashimo 32 kete 64, watu wanahesabu kichwani mizunguko ambayo wewe na kalkuleta humalizi, kwa hiyo tizama tu. Na usioneshe! Ukimwambia mtu "cheza kule" wakati ni zamu yake umewaudhi wote wawili, alieoneshwa na alieonewa.

Mazungumzo ni Simba na Yanga, Ligi ya Uingereza, bei ya pweza, na siasa. Siasa hasa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ambapo samaki papa amechorwa ukutani na watalii wanapita wanapiga picha. Watu wanabishana tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 na kila mtu ana hesabu zake. Mgeni sikiliza kwanza, ukiulizwa wewe wa upande gani sema umekuja kunywa kahawa, watacheka yataisha. Na usirekodi mtu wala kupiga picha bila kuomba, hilo halina utani.

Dada zangu msinitukane, ni kweli baraza nyingi zimejaa wanaume. Wanawake wa mtaa wengi wanatuma mtoto na chupa ya chai ijazwe iende nyumbani, na kusema kweli kule ndani mazungumzo yao yanazidi yetu.

Kulipa ni wakati wa kuondoka. Hakuna risiti, muuzaji ana hesabu yako kichwani na hakosei, mie nshajaribu kubisha nkaumbuka. Mara nyingine utaambiwa "ushalipiwa". Usiulize na nani kwa sauti, usirudishe pesa siku ileile, tizama tu nani anakuchungulia kwa pembeni, kesho kutwa mtangulie wewe. Kisha inuka, rudisha kikombe mkononi mwa muuzaji usikiache chini kwenye njia ya miguu, aga wote kama ulivyowasalimia, na yule mzee mwenye pahala pake muage wa mwisho.