Umealikwa harusi ya ufukweni Mtwara? Jiandae hivi

Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Mtwara. Shughuli zangu nyingi ni za nje: Shangani, Mikindani, na mara mojamoja Msimbati. Wageni wa kutoka Dar huja wamependeza kweli, ila wengi hujiandaa kama wanakwenda ukumbini.

Hatua ya 1: Isome kadi yote

Kadi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Viti vya chini ya turubai huhesabiwa, na turubai likijaa limejaa. Kadi ikija kwa WhatsApp, ihifadhi kwenye simu kabisa, usisubiri kuitafuta mlangoni bando limekata.

Hatua ya 2: Angalia mwezi

Hii ndiyo hatua ninayowasihi wageni wangu wasiiruke. Tazama kama tarehe ya harusi iko karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo, na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na huku kwetu maji ya bamvua hujaa kuanzia saa kumi alasiri hadi kwenye saa kumi na mbili. Ni saa zilezile ambazo maharusi wanaingia. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, kwa hiyo ule mchanga mpana uliouona asubuhi, jioni haupo.

Niliwahi kupanga viti saa nane mchana, mchanga mkavu kabisa. Saa kumi na nusu povu la kwanza likagusa miguu ya viti vya mbele, na mama mzazi wa bwana harusi akainuka ameshika gauni lililolowa hadi magotini. Sijausahau uso wake. Tangu siku hiyo napanga kwa kufuata alama ya mwani mkavu uliotupwa juu na maji, na wewe mgeni ufanye hivyohivyo: ukiikuta safu hiyo ya mwani, weka mkoba wako upande wa juu, kwenye miti. Gari nalo lisiegeshwe chini yake.

Harusi ikiangukia maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo maji hayajai sana, jioni bahari iko mbali na huna haja ya hofu.

Hatua ya 3: Viatu, kisha nguo

Mchuchumio huzama mchangani. Vaa makubadhi au viatu bapa, mchuchumio uubebe kwa ajili ya picha. Mwezi uliopita shangazi mmoja alikwama katikati ya zulia, kisigino kimeingia chote. Binti wa mapokezi akamkimbilia: "Shikamoo shangazi, nishike begani nikuvue." Akavuliwa, akacheza pekupeku mpaka usiku.

Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu. Mtandio ubane kwa pini, kilemba kifungwe kikaze, na gauni jepesi livaliwe na gagulo. Beba khanga: utajifunika kibaridi cha usiku, na utajistiri ukipita kijijini.

Hatua ya 4: Safari

Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550. Fika siku moja kabla, hasa masika. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara hii eneo la Somanga na watu wakakwama. Msimbati iko zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini na ina mchanga mwingi, gari dogo hunasa. Panda gari la kamati.

Hatua ya 5: Giza likiingia

Mwezi Juni jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache, na mbu hawachelewi. Jipake dawa miguuni kabla hujakaa, si baada ya kung'atwa. Chakula kikitangazwa, nenda na zamu ya meza yako, maana kwenye upepo pilau hupoa upesi. Bajaji ya kurudi mjini uelewane nayo mapema na uchukue namba ya dereva, kwa sababu saa sita usiku hutaipata ufukweni.