SOMO: Kampuni yako ya umeme ikifilisika Uingereza na una gari la umeme nyumbani

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kuna maswali yamekuwa yakijirudia, kwa hiyo nayajibu yote hapa. Walioko Ireland ya Kaskazini mtanisamehe, kule mdhibiti ni mwingine na utaratibu ni tofauti.

Wengi wetu tumekulia kwenye TANESCO au Kenya Power, ambako mwenye nguzo ndiye huyo huyo anayekuuzia uniti. Hapa ni vitu viwili. Nyaya za mtaani kwako zina mwenyewe, na kampuni inayokutumia bili ni muuzaji tu: inanunua umeme sokoni, inakuuzia, inakusanya pesa. Ndiyo maana ikifa hata friji haishtuki. Umeme ukikatika siku hiyo hiyo, hiyo ni hitilafu ya njia. Piga 105 kama siku nyingine yoyote.

Kampuni hizi zinakufaje? Mwaka 2021 bei ya gesi ilipanda ghafla. Kampuni nyingi ndogo hazikuwa zimenunua umeme na gesi mapema, na tangu Januari 2019 kuna ukomo wa bei unaowekwa na mdhibiti, Ofgem, kwa hiyo gharama hazikuweza kusukumwa zote kwa mteja. Kufikia 2022 zilikuwa zimeanguka karibu 30. Avro Energy pekee iliacha wateja wapatao 580,000, wakapelekwa kampuni nyingine, Octopus. Bulb ilikuwa kubwa mno kugawiwa hivyo, ikawekwa chini ya usimamizi maalumu Novemba 2021, na mwisho wa 2022 ikachukuliwa na Octopus pia. Na si habari za zamani tu: Rebel Energy ilifunga Aprili 2025, wateja wake wakaenda British Gas.

Sasa, kwa mwenye gari la umeme hasara iko sehemu moja: ile bei yako nafuu ya usiku inakufa pamoja na kampuni. Gari halijui. Litaendelea kuamka usiku wa manane na kunywa umeme kwa bei ya mchana.

Hatua ya 1: Tulia, usihame bado

Ofgem itachagua kampuni ya kukupokea, kwa kawaida ndani ya siku chache. Ukianza kuhama katikati ya hapo, akaunti mbili zinagombania mita moja, na salio lako linachelewa kurudi. Makato ya benki ya kila mwezi nayo usiyafute mpaka akaunti mpya ifunguliwe na uione kwa macho.

Hatua ya 2: Soma mita leo, si kesho

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwa na mpango wa bei mbili, mita nyingi huhesabu kwa mistari miwili, mara nyingi imeandikwa R1 na R2, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Bonyeza kitufe mpaka uione yote, na upige picha kila mmoja, namba ya mita ikiwa inasomeka kwenye picha. Mtu akituma mstari mmoja tu, au akijumlisha yote miwili, kampuni mpya inaweza kuhesabu uniti za usiku kama za mchana, na hapo utaanza mvutano wa miezi. Usiamini kwamba kwa kuwa mita ni janja (smart meter, inayotuma usomaji yenyewe) basi mambo yatajiendea yenyewe.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya zamani kabla tovuti haijafungwa. Pakua bili zote, piga picha ya salio, na uandike namba ya njia yako ya umeme, MPAN, ile yenye tarakimu 13. Fungua na programu ya chaja yako, upakue kumbukumbu za kuchaji. Zinaonyesha tarehe, saa na uniti, na bili ya mwisho ikija na makadirio ya ajabu, hizo ndizo shahidi wako.

Hatua ya 3: Kampuni mpya ikikuandikia

Itakuweka kwenye bei yake ya kawaida, ambayo haiwezi kuvuka ukomo wa Ofgem. Hukusaini mkataba wowote, kwa hiyo ukitaka kuondoka hakuna faini. Akikupigia mtu akisema "sisi ndio tumekuchukua, tupe namba za kadi ya benki tukurudishie salio", kata simu. Ingia tovuti ya Ofgem uone ni nani hasa aliyeteuliwa, halafu upige wewe.

Hatua ya 4: Gari, wakati unasubiri

Chaja ya kawaida ya nyumbani ni kilowati 7. Saa 5 za usiku ni uniti 35. Kwa bei ya usiku ya peni 7, hiyo ni pauni 2.45. Kwa bei ya kawaida ya peni 26 ni pauni 9.10. Ukichaji hivyo mara tatu kwa wiki, tofauti ni karibu pauni 20. Kwa hiyo chaji kiasi cha safari zako tu, usijaze kwa mazoea. Na kama bei ni moja saa zote, hakuna sababu ya kusubiri usiku.

Hatua ya 5: Tafuta bei mpya ya usiku

Anza kwa kuuliza hiyo hiyo kampuni iliyokupokea. Ikiwa nayo ina mpango wa magari ya umeme, kubadili ndani kwa ndani ni rahisi kuliko kuhama. Ikiwa haina, hama. Siku hizi inachukua takriban siku tano za kazi, na una siku 14 za kubadili mawazo.

Kabla hujakubali, angalia mambo haya. Mita janja yako iwe inatuma usomaji wa kila nusu saa, na wewe uwe umekubali itume hivyo, maana bila ruhusa hiyo mpango wa usiku haufanyi kazi. Mita janja za kizazi cha kwanza ziliwahi kuwa bubu mteja akihama. Nyingi zimeshaunganishwa upya kwa mbali, lakini uliza ya kwako. Kisha linganisha bei ya mchana na ada ya kila siku. Bei ya usiku ndiyo inayopigiwa matangazo, wakati mchana mara nyingi uko juu kidogo. Mwenye gari linalotembea mara moja kwa wiki anaweza asipate faida yoyote. Mipango mingine, kama Intelligent Octopus Go, inaendesha gari au chaja yenyewe, kwa hiyo hakikisha gari au chaja yako imo kwenye orodha yao.

Hatua ya 6: Saa

Mfano, bei nafuu ya mpango wa Octopus Go imekuwa ikianza saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwenye gari unaandika 00:30 hadi 05:30. Nimeona mtu ameandika 06:30 kwa mazoea ya nyumbani, akashangaa bili. Na panga ratiba sehemu moja tu, ama kwenye gari ama kwenye chaja. Zikipangwa zote na zisilingane, kila moja inasubiri mwenzake na asubuhi unakuta gari tupu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shukrani kwa somo, mkuu. Nilikuwa na salio la pauni 200 na zaidi kwenye kampuni iliyofungwa. Zimekwenda?*

Hapana kaka. Salio la mteja wa nyumbani linalindwa, kampuni mpya italiheshimu. Ila linaweza kuchelewa mpaka bili ya mwisho itoke. Ile picha ya salio iweke vizuri.

*Na mwenye deni je?*

Deni halifi. Utadaiwa na wasimamizi wa ufilisi au na kampuni mpya, kutegemea walivyokubaliana. Omba kulipa kidogo kidogo.

*Mimi natumia mita ya kulipia kabla, ya ufunguo, kama LUKU. Nifanyeje?*

Dada, endelea kuongeza pesa kwa ufunguo huo huo mpaka upate mpya au maelekezo. Weka akiba kidogo kwenye mita kabla ya wikiendi. Mpya ukifika, usirudi tena kwenye wa zamani.

*Nimepanga nyumba. Mwenye nyumba anasema siruhusiwi kubadili kampuni.*

Ikiwa bili iko kwa jina lako na unalipa mwenyewe, haki ya kuchagua kampuni ni yako. Ikiwa bili inalipwa na yeye na wewe unamrudishia kwenye kodi, uamuzi ni wake. Kufunga chaja ukutani ni jambo jingine, hapo ruhusa yake lazima.

*Sina chaja ya ukutani, nachaji kwa plagi ya kawaida. Mpango wa usiku unanifaa?*

Plagi inatoa kama kilowati 2.3, kwa saa 5 ni uniti 11 na nusu, karibu maili 40. Kwa kwenda kazini na kurudi inatosha. Lakini usitumie kebo ya kuunganishia ya bei rahisi kupitisha dirishani, inapata moto.

*Naendesha teksi, nachaji nje mchana. Kuna tofauti kubwa kweli?*

Kubwa sana. Umeme wa nyumbani una VAT ya asilimia 5, chaja za umma asilimia 20, na hiyo ni kabla ya bei yenyewe. Mwenye kazi yako ndiye wa kuharakisha hatua ya 5 kuliko sisi wote.

*Chaja yangu inachelewa dakika kadhaa baada ya muda niliopanga. Imeharibika?*

Haijaharibika. Chaja za nyumbani zinazouzwa tangu 30 Juni 2022 zinatakiwa kuchelewesha kuanza kwa hadi dakika 10, kila moja kivyake, ili magari ya mtaa mzima yasiwake kwa pigo moja.

*Nimelalamika kwa kampuni mpya wiki tatu, hawajarekebisha usomaji wa usiku.*

Hesabu wiki nane tangu siku uliyolalamika rasmi. Zikifika bila suluhisho, au wakikuandikia mapema kwamba wamefikia mwisho, peleka Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati, ni bure. Ambatanisha picha za R1 na R2 na kumbukumbu za chaja. Wakati huo huo Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, wanaweza kukusaidia kuandika barua.