Jinsi ya Kupima Njia Mbili za Masomo kama Uwekezaji Baada ya Kidato cha Nne

Katika kazi yangu ya kuwashauri wazazi kuhusu fedha za masomo, hutumia mfano wa kijana wa Tanzania anayetaka uhandisi wa umeme. Anaweza kusoma kidato cha tano na sita, kisha shahada ya miaka minne. Au anaweza kuanza stashahada ya miaka mitatu mara tu baada ya kidato cha nne.

Hatua ya kwanza: andika gharama zote, pamoja na kipato kinachokosekana. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, na hivyo wazazi wengi huona miaka hiyo miwili kuwa ya bure, ilhali njia ya shahada humchelewesha kijana miaka mitatu zaidi kabla ya kupata mshahara.

Hatua ya pili: pima mkopo wa masomo. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara. Tuseme deni ni shilingi 12,000,000 na mshahara ni 900,000: makato ni 135,000 kwa mwezi, na deni litaisha baada ya miezi 89. Kwa kuwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, huu ni mtaji nafuu, na sioni sababu ya kuuogopa.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote: pima uwezekano wa hasara. Anayeacha shahada mwaka wa tatu hubaki na deni bila cheti, lakini stashahada hupandwa kwa ngazi, kuanzia astashahada ya awali, na kila ngazi ina cheti chake. Watafute wahitimu wa karibuni wa kila kozi, uwaulize ni wangapi wameajiriwa na wanalipwa kiasi gani. Ikiwa watano kati ya kumi wa shahada wanapata 900,000, wastani wa kipato cha kutarajia ni 450,000. Ikiwa wanane kati ya kumi wa stashahada wanapata 600,000, ni 480,000. Hesabu hii haioneshi mshahara utakavyopanda baadaye, na hapo shahada mara nyingi huwa na nguvu zaidi. Hata hivyo, kwa familia isiyo na akiba, napendekeza stashahada kwanza, kwa sababu anayefaulu kwa wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.0 anaweza kuomba shahada akiwa tayari na ujuzi unaouzika katika soko la ajira.

Hatua ya nne: kabla ya kulipa chochote, hakiki usajili wa chuo kwa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, au ithibati ya programu ya shahada kwa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu.