Funga wavu kabla ya masika

Wewe mwenye bwawa la sato, kagua bomba la kutolea maji kabla masika hayajaanza. Funga wavu wenye matundu madogo kama ya chandarua, maana kifaranga hupenya popote. Usafishe kila asubuhi: majani yakiziba, maji hupanda yakapita juu ya tuta, na samaki nao.

Sato akitorokea mtoni huzaana na perege wa asili, wakatoka machotara. Ziwa Victoria sato aliletwa miaka ya 1950. Ngege, perege wa asili wa ziwa hilo aliyekuwa tegemeo la wavuvi, sasa amebaki zaidi kwenye vijiziwa vya pembeni (sangara naye alichangia). Inauma sana. Na siku ya kuvuna, vifaranga vilivyobaki usivimwage mtoni, tafadhali. Mpe jirani mwenye bwawa.