Kusoma shairi la John Donne kwa bikari

Chukua bikari ya shuleni, karatasi na penseli. Nilifundisha hisabati miaka mingi hapa Tanga, na shairi la Donne, mshairi wa Kiingereza, la kumuaga mkewe (A Valediction: Forbidding Mourning) nalisomesha vijana barazani kwangu Ngamiani kwa kifaa hicho hicho.

Anza kulisoma kwa sauti. Lina beti 9 za mishororo minne minne, mizani 8 kila mshororo, na vina vinapokezana. Kina cha kati hakipo, usikisubiri.

Usiikimbilie bikari, inakuja mwishoni. Kwanza Donne anasema watu wema hufa kwa utulivu hata waliokizunguka kitanda hubishana kama pumzi imekatika. Nasi tuagane vivyo hivyo, bila gharika ya machozi. Hapa tulia. Mume wangu alikuwa baharia, nami nimemsindikiza bandarini mara nyingi nikiwa nimebana kilio mpaka meli ipotee. Najua anachokiomba ni kizito.

Kisha anazifananisha roho zao na dhahabu: sonara akiifua huwa nyembamba kama hewa, na haikatiki.

Mwisho anawafananisha na miguu miwili ya bikari. Sasa chomeka ncha katikati ya karatasi. Mguu huo ni mke. Wa penseli ni mume. Tanua: ule wa kati unainama kumwelekea mwenzie. Kunja: unasimama wima, mwenzie amerudi. Rudia mara tatu, polepole. Wako wanaosema mke hapa amekaa tu. Sikubali hata kidogo, maana ncha ikiteleza duara halifungi.

Maisha yao yaeleze kwa ufupi. Donne, mzaliwa wa London, 1572, alimuoa Anne More kwa siri mwaka 1601, akapoteza kazi na kufungwa. Izaak Walton, aliyeandika habari zake, anasema shairi hili alimpa mkewe akienda Ufaransa mwaka 1611. Anne alifariki 1617, baada ya uzazi wa kumi na mbili. Donne, wakati huo kasisi, akawa mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Paulo mwaka 1621. Mashairi yake yalichapwa 1633, yeye akiwa kaburini.

Karne ya 18 mhakiki wa Kiingereza Samuel Johnson aliwalaumu washairi wa namna hii kwa kufunganisha kwa nguvu vitu visivyohusiana. Mwanafunzi akileta hoja hiyo, mpe bikari aizungushe mwenyewe.

Mwishowe kila mmoja atunge ubeti kwa chombo cha nyumbani kwao, na chombo kiletwe. Kijana mmoja alitunga kinu na mchi. Tukatwanga kwanza, ndipo akafuta mishororo miwili.